Mwaka Niliokonda

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikonda, na mama yangu akaamini kuwa nimeanza kutumia dawa za kulevya. Nalisema mapema kwa sababu wakati ule mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kulijua. Majirani walijua, binamu walijua, hata muuza maji wa mtaani alijua. Mimi nilikuwa nazunguka nyumbani kwetu Muyeye, Malindi, nikijiuliza vijiko vimekwenda wapi.

Nianze na unene wenyewe. Nilikuwa bonge, na sisemi kwa kujidharau. Mama hukaanga mahamri kila alfajiri na kuyauza mlangoni pamoja na mbaazi za nazi, na yaliyobaki hayakuwa yakikaa sana, nilikuwapo. Wanawake waliokuja kununua walinifinya shavu hata nilipokuwa kidato cha nne nina ndevu zangu, wakamwambia mama, "Mashaallah, mwanao kanawiri." Mama aliinua kichwa kwa raha. Kwetu sifa haipiti hapo. Mtoto mnene ni mtoto aliyelelewa, na mama yake hana la kuulizwa.

Kisha nikapata nafasi chuoni Kilifi. Wiki ya kwanza tulipimwa afya, na muuguzi akanifunga ule mkanda wa presha mkono wa kushoto, akatazama, akaufungua, akaufunga mkono wa kulia.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, dada."

"Mbona presha yako ya babu?" Hakuwa anatania. "Punguza mwili, ndugu yangu. Mapema."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kweli kweli. Miaka yote kunawiri ndiyo ilikuwa afya, na nilikuwa nimefanya bidii kubwa katika jambo hilo. Sasa naambiwa afya iko upande mwingine, na hakuna aliyenijulisha lini ilihama.

Niliyeishi naye chumba kimoja hosteli alikuwa mwana wa wavuvi wa Ngomeni. Alikula kila kitu, akalala kila saa, na bado mabega yake yalikuwa mabega ya mtu avutaye nyavu. Nilipomweleza habari ya presha alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanihurumia, akaamua kunishika mkono. Nyuma ya hosteli palikuwa na uwanja wa mazoezi wa wanafunzi wenyewe: mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, imeunganishwa kwa bomba, hiyo ndiyo iliyokuwa vyuma vyetu. Kila aliyesimama pale alikuwa daktari. Mmoja akaniambia nile mayai. Wa pili akasema weupe wa yai tu, kiini ni sumu. Wa tatu, mwembamba kama ufito, akaapa kuwa siri ni kula mara moja kwa siku. Simu nayo, nikiifungua, kuna mtu kifua wazi anasema wali hauna ubaya, na chini yake mwingine anasema wali ndio ubaya wenyewe. Jumatatu nakula mayai, Jumanne nayakataa. Jamani, nilikuwa nasoma hesabu za biashara na hazikunisumbua kama chakula cha jioni.

Mwishowe nilishika matatu niliyoyaelewa. La kwanza, kukimbia alfajiri nimevaa sweta la mikono mirefu, ili jasho litoke. La pili, kuacha ngano na sukari. La tatu, kuamka na maji ya moto yenye limau kabla ya kutia kitu kingine tumboni. Kwa hilo la tatu nilikuwa natembea na malimau yangu mawili matatu na kijiko ndani ya begi, maana katika hosteli kijiko ukikiacha mezani umekitoa sadaka.

Siku ya kwanza nilikimbia kutoka langoni mpaka duka la pili nikatapika. Mwenzangu wa Ngomeni akanipigia makofi. Mwezi wa pili nilikuwa napita maduka yote. Mwezi wa tatu nilipanda ngazi za hosteli huku naongea, jambo ambalo zamani lilinitaka nichague moja. Mshipi wa suruali niliutoboa matundu kwa msumari, tundu moja baada ya jingine. Muuguzi akanipima tena, akatabasamu, akaniambia, "Endelea hivyo hivyo." Nilifurahi, wallahi. Nikafunga begi Ijumaa ile kwenda nyumbani kujionyesha.

Mama alifungua mlango akanitazama, na uso wake haukuonyesha nilichokuja kukitafuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama toka juu mpaka chini, polepole. "Waumwa?"

"La, mama, mzima kabisa. Napunguza mwili."

"Wampunguzia nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniwekea mahamri, nikamwambia siku hizi sili ngano. "Ebo! Ngano imekukosea nini?" Nikaanza kumweleza habari za muuguzi na mayai na mtu wa kwenye simu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga, kwa sababu mambo yenyewe hata mimi sikuwa nayaelewa vizuri. Mama akaitikia "ehee, ehee" huku macho yake yako kwenye mikono ya sweta langu.

Kesho yake asubuhi alinikuta jikoni nakata limau, kijiko kimelala kando. Alisimama mlangoni.

"Hilo limau limetoka wapi?"

"Nimekuja nalo, mama. La kunywa."

Aligeuka akaenda chumbani kwake, akakaa huko mpaka mahamri ya kwanza yakaungua, na mama yangu si mtu wa kuunguza mahamri.

Hapa sina budi kumtaja kaka yangu. Alinipita miaka tisa. Alikuwa mchezaji mpira wa mtaa, miguu yake ikisifiwa mpaka Mambrui, kwao mama. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akarudi amekonda, akilala mchana, akivaa mikono mirefu katika joto la Malindi. Tulimzika nikiwa kidato cha kwanza. Kwamba alikuwa akitumia dawa za kulevya nilijua, mtaa mzima ulijua, hayo hayafichiki. Lakini mambo madogo madogo, yale mama aliyoyakuta katika mifuko ya nguo zake alipokuwa akifua, hayo aliyaficha peke yake. Nusu ya limau, kijiko kilichoungua mgongo, vitu vya kuyeyushia dawa kabla ya kujidunga sindano. Kwa hiyo mimi niliona kwetu limau haliingii jikoni, mchuzi hutiwa ukwaju, nikadhani ni mapendeleo ya mpishi.

Niliporudi mwezi uliofuata, vijiko havikuwapo. Hata kimoja. Nilikoroga chai kwa mpini wa mwiko.

"Mama, vijiko viko wapi?"

"Vimepotea."

"Vyote?"

"Vyote."

Televisheni haikuwapo mahali pake. Akasema imeharibika, iko kwa fundi. Jioni nilipokwenda kwa jirani kumwamkia nikaiona imekaa barazani pake, inaonyesha taarifa ya habari, haina hata mkwaruzo. Nikarudi nyumbani. Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa mnyororo na kufuli kama mbuzi wa kuchinjwa. Bangili zake mbili za dhahabu hazikuwa mkononi. Na yule jirani, mwanamke aliyekuwa akinifinya shavu, alinishika mkono akaniambia, "Pole, mwanangu. Mungu atakusaidia."

"Pole ya nini, mama?"

"Basi tu. Pole."

Nikakesha nikiwaza, na nikapata jawabu, na jawabu hilo lilikuwa la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kupata maishani. Nikasema: mama ameishiwa. Karo yangu imemmaliza. Anauza vitu kimya kimya, ananificha nisiache masomo. Kila kitu kikakaa sawa: bangili, televisheni, vijiko. Ila ni nani anunuaye vijiko vilivyotumika, hilo sikujiuliza. Nikarudi Kilifi nimeamua nitajibana nisimwombe kitu. Nikaacha chakula cha jioni. Nikawa nashindia mihogo ya kuchemsha na maji, na alfajiri nakimbia vilevile, kwa sababu kukimbia ni bure.

Unaona mambo yalivyokwenda. Nilivyokonda ndivyo mama alivyoficha, na alivyoficha ndivyo nilivyokonda. Mwenzangu wa Ngomeni, ambaye hakuwahi kusema neno la maana tangu nimjue, aliniangalia siku moja navaa shati akasema, "Sasa umepitiliza, yakhe. Hii si afya tena." Nilimjibu vibaya. Lakini aliyasema yale nami nilikuwa nimeanza kuona kizunguzungu darasani, na sikujua tena kama mimi ni mzima anayeendelea kuwa mzima au ni mgonjwa anayejisifu. Muuguzi alisema endelea hivyo hivyo. Hakusema mpaka wapi.

Mara ya tatu nilifika nyumbani Ijumaa alasiri, jua kali, nimevaa lile sweta kwa sababu mashati yangu mengine yalikuwa yananipwaya nikaona aibu. Salamu haikuisha.

"Vua sweta."

"Mama, ngoja kwanza nikae."

"Nimesema vua!"

Nikavua. Akanishika mkono wa kulia, akanivuta mpaka dirishani kwenye mwanga, akaugeuza, akapitisha kidole ndani ya kiwiko, polepole, kama mtu atafutaye mwiba. Akaushika wa kushoto nao. Hapo, na ni hapo tu, ndipo nilipoelewa. Vijiko, mnyororo, pole ya jirani, vyote vilinijia kwa pamoja, na kwanza sikuhisi huruma hata chembe. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba.

"Mama! Wanidhania mimi teja?"

"Sikudhanii kitu. Naangalia."

"Nafanya mazoezi! Nilikuwa na presha, nikaambiwa nipunguze mwili, nikapunguza! Muulize muuguzi! Muulize mwenzangu!"

"Maneno hayo nimeyamaliza kuyasikia."

"Mimi si yeye!"

Neno hilo lilitoka kabla sijalipima. Mama alirudi nyuma hatua moja kama amepigwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyekwisha kuamua, "Kilifi hurudi tena. Utakaa hapa nikuone kwa macho yangu. Chuo kitakuwapo, mwana mwingine wa akiba sina."

Nilimwambia nina mitihani. Akasema basi. Nilimwambia nitaenda zahanati sasa hivi nipimwe mkojo, damu, chochote akitakacho. Akasema karatasi nazo amewahi kuletewa, zimepigwa mihuri mizuri. Sasa wewe msomaji niambie, mtu aliyekwisha kudanganywa kwa mdomo na kwa karatasi, utamthibitishia kwa nini? Nilikuwa na kweli tupu mkononi na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikaingia chumbani nikalala na njaa yangu, nikimchukia, na nikijichukia kwa kumchukia.

Alfajiri nilisali, nikavaa viatu. Sikwenda kukimbia kwa ajili ya afya siku hiyo, nilitaka tu kutoka katika nyumba ile. Nikafungua mlango nikamkuta mama nje amevaa buibui lake la kutokea, jiko halijawashwa, wanunuzi wawili wamesimama na bakuli zao hawaelewi. Mbele yake palikuwa na bodaboda ya kijana wa mtaani, injini inanguruma.

"Haya," mama akasema, akapanda kiupande, akapanga buibui lake vizuri. "Kimbia. Nione wakimbilia wapi."

"Mama, utanifuata na pikipiki?"

"Miguu yangu haiwezi. Kimbia."

Toba! Nilikimbia. Nilipita vichochoro vya Muyeye na mwanga wa pikipiki mgongoni mwangu, kivuli changu kimelala mbele kirefu kama mnazi. Dereva alifurahi kupita kiasi. Kila baada ya muda nilimsikia akiuliza, "Mama, nimkaribie au nimwache apumue?" na mama akimjibu, "Wewe endesha." Tukatokea barabara ya Lamu, nikashika njia ya kaskazini kuelekea daraja la Sabaki, maana ndiko nilikokuwa nikienda kila nilipokuja nyumbani. Nilikuwa na ghadhabu, nikakimbia kuliko nguvu zangu. Nikasema moyoni, leo utaona. Leo utashiba kuona.

Tatizo ni namna tulivyoonekana kwa watu wengine, jambo ambalo sote watatu hatukulifikiria. Kijana aliyekonda anakimbia kama amechomwa, nyuma yake mama mtu mzima juu ya bodaboda, buibui linapepea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka aliinua ufagio akauliza, "Kaiba nini huyo?" Wa pili hakuuliza. Alipiga kelele.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Mtu wa mkokoteni aliyekuwa mbele yangu aligeuza mkokoteni wake ukaziba njia. Wengine wawili wakatoka kando ya barabara, mmoja ana kipande cha ubao. Anayejua mitaa yetu anajua kuwa neno hilo likishatamkwa halina swali la pili. Nilisimama. Nikainua mikono juu. Mtu wa ubao alikuwa amefika karibu kiasi cha mimi kuona meno yake.

Kisha nikasikia sauti ya mama. Sijui hata alishukaje, maana dereva anaapa kuwa pikipiki ilikuwa bado inakwenda. Alikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki barabarani, akasimama baina yangu na ubao ule, kifua mbele.

"Si mwizi! Ni mwanangu! Mwanangu huyu!"

"Sasa mbona wamfukuza, mama?"

"Afanya mazoezi!" mama akapaza sauti, watu wote wa barabara ile wakasikia. "Ni mwanafunzi wa chuo! Alikuwa na presha, akaambiwa apunguze mwili! Afanya mazoezi! Mtu haruhusiwi kufanya mazoezi?"

Yule wa ubao aliushusha. Alinitazama, akamtazama mama, akatazama mguu wake usio na kiatu. "Samahani, mama," akasema. "Nawe siku nyingine mfuate kistaarabu." Wa mkokoteni alicheka, watu wakatawanyika. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa sijui kama mama amesema yale kwa sababu ameyaamini, au angesema lolote lile kuniokoa na ubao. Nikamtazama usoni nijue, na nadhani yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Dereva alileta kile kiatu. Mama akakivaa, akapanda tena, akasema, "Hujafika. Endelea."

Nikaendelea. Safari hii sikukimbia kwa hasira, hasira ilikuwa imebaki pale kwenye mkokoteni. Nilikimbia mwendo wangu wa kila siku, wa kuhesabu pumzi, na pikipiki ikanifuata polepole hata nikaisahau kidogo. Jua lilikuwa limechomoza tulipofika darajani. Nilishika magoti nikahema. Maji ya Sabaki yalikuwa mekundu kwa mvua za bara. Mama alishuka, akamwashiria dereva asogee mbali, akaja kusimama karibu nami kwenye ukingo wa daraja.

"Ni hapa?"

"Ni hapa. Nikifika hapa nageuza, narudi nyumbani. Hakuna kingine, mama."

"Hukutani na mtu?"

"Sikutani na mtu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, makali, ya mtu aliyeshinda kesi. Nilifungua kinywa niyaseme nikaona mama analia. Hakuwa analia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu, na yeye hata hakuyafuta, anatazama maji.

"Kaka yako naye, aliporudi kutoka Mombasa, alikuwa akitoka alfajiri," akasema. "Viatu vyake vya mpira kaning'iniza shingoni. Namuuliza, waenda wapi, baba? Aniambia, mazoezi, mama. Kila siku, mazoezi. Nami namwambia haya, nenda, Mungu akulinde. Kisha nageuza mahamri yangu."

Nilishika mkono wake, ule usiokuwa na bangili.

"Sikumfuata," mama akasema. "Hata siku moja. Hata mpaka pale kwenye kona sikumfuata."